Pumzi kwenye Njia ya Nne

Kila kijana anayepewa kazi ya sauti katika televisheni moja au nyingine ya hapa Goma, lazima mtu fulani amtume kwangu. Anakuja hapa Mabanga, anaketi, anakunywa chai yangu, halafu ananiuliza anunue mashine gani. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza namna ya kusikiliza. Basi nimeamua kuandika, mkasome wenyewe huko mliko, na chai yangu ipumzike.

Mimi ni Mama Faida. Nilikaa nyuma ya meza ya sauti tangu ujana wangu mpaka magoti yakakataa ngazi za studio. Kwa asiyewahi kuiona, meza ya sauti ni ubao mpana wenye vitelezo vingi vilivyopangwa kwa mstari. Kila mikro, yaani kipaza sauti, ina njia yake, na kila njia ina kitelezo chake cha kusukuma juu au kushusha. Mtazamaji nyumbani anadhani kazi yetu ni kupandisha. Kazi yetu ni kushusha. Ukiwa na wageni wanne na mikro nne wazi, kila mikro inawasikia wote, na maneno yao yanatoka kama ya watu walio ndani ya pipa. Asiyesema mshushe. Usimfunge kabisa, maana akidakia, neno lake la kwanza litapotea, na wageni wetu wengi neno la kwanza ndilo pekee lenye maana.

Na mtazame kinywa. Mtu anayetaka kusema huvuta pumzi kwanza. Ukiisikia ile pumzi, kidole chako kiwe kimekwisha kupanda.

Aliyenifundisha hayo ni Papa Amisi. Wazee wake walitoka Maniema na biashara zao, yeye akazaliwa hapa, akakataa duka la baba yake kwa sababu ya redio. Alikuwa mfupi, mkali, kofia haimtoki kichwani, hata kaske, vile visikilizio vya masikioni, aliziweka juu yake. Ukikunja waya vibaya alikurushia huo huo waya. Wiki yangu ya kwanza hakuniruhusu kugusa chochote. Alinifungia kwenye studio tupu, akanivisha kaske, akafungua mikro moja, akatoka. Aliporudi akaniuliza, "Umesikia nini?"

"Hakuna kitu, Papa."

"Chumba kitupu hakikuwake kitupu, Faida. Rudilia."

Nilirudia siku baada ya siku. Mwanzoni nilidhani mzee ananitesa. Baadaye nikaanza kusikia: bati linalojinyoosha jua likipanda, maji ndani ya ukuta, mlio mwembamba wa taa. Halafu chini kabisa kuna ngurumo ambayo siyo ya gari. Papa Amisi alisema ni mlima wetu wa moto. Bahati, mpiga picha wetu, alisema ni malori ya barabara ya Sake, na kwamba mzee anapenda kutisha wasichana. Mimi sijui hadi leo. Kila meza ina kitufe cha kukata sauti za chini, na katika mji huu kibonyezeni kwa kila mikro ya mtu anayesema. Lakini mimi mara nyingine nilikiachia nikiwa peke yangu asubuhi, na sikupenda nilichosikia.

Kuna desturi moja mliyoiacha na inaniudhi. Popote tulipopiga picha, sebuleni kwa mtu, kanisani, hospitalini, kabla ya kukunja waya tulinyamazisha kila mtu tukarekodi ukimya wa mahali pale. Ni kwa ajili ya kuziba. Ukikata maneno ya mtu unapohariri, panabaki shimo, na shimo hilo ukiliziba na ukimya wa chumba kingine, mtazamaji hajui kilichotokea lakini mgongo wake unamsisimka. Kila mahali pana ukimya wake. Papa Amisi aliujua mmoja mmoja. Siku moja tulimjaribu, tukamchezea ukimya wa studio yetu wenyewe tuliorekodi asubuhi ile. Akafumba macho.

"Hii ni kwetu," akasema. "Lakini muko na mutu amelala mule ndani."

Tukabishana naye, tukamcheka. Kumbe Bahati alikuwa nyuma ya pazia amelala fofofo tangu saa ya kufungua. Tulicheka sana, ila mimi sikucheka hadi mwisho. Niliirudia ile rekodi mara nyingi na sikuisikia pumzi hiyo hata chembe.

Tukija kwenye simu. Mtu akipiga simu hewani, mnampelekea sauti ya studio ili amsikie mtangazaji. Mpeni kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe. Sauti yake ikimrudia, inamrudia kwa kuchelewa, na hakuna mtu anayeweza kusema huku anajisikia anasema nyuma yake. Wenye mikutano ya kwenye simu mnaijua adha hiyo, mnaibonyeza inaisha. Sisi tulikuwa na mvuvi wa Vitshumbi aliyepiga kueleza habari za nyavu. Aliyekuwa mezani siku hiyo alisahau kumwondolea sauti yake mwenyewe. Mvuvi akasema maneno mawili matatu, akasimama. Akauliza taratibu, "Nani ule eko nasema nyuma yangu?" Gloire, mtangazaji wetu, akamwambia hakuna mtu, aendelee. Akaendelea kidogo, akanyamaza tena. Kisha akasema, "Ni pacha wangu. Ile sauti ni yake. Alizamaka." Akakata simu. Tulimpigia tumweleze ni kosa la kitelezo kimoja tu, akatujibu kwa upole kwamba anatushukuru na tusimpigie tena. Nani angemlaumu?

Mnaona kwamba kazi hii inataka mtu asiyeogopa upesi. Sauti bila mwili utazisikia kila siku. Dawa yake ni moja, na niliishika kwa miaka yote: kila sauti ina mahali inapotoka. Tafuta waya, fuata waya, utakuta kitu. Mikro isiyo na waya ikikuletea mahubiri katikati ya habari, siyo malaika, ni kanisa la jirani limenunua mashine ya mawimbi yale yale. Nimekutana na kisa kimoja tu ambacho dawa hiyo niliinywa nikitetemeka, na ndicho ninachotaka mkijue.

Studio yetu ilikuwa mtaa wa Himbi, mgongo wake kwa ziwa. Nyuma ya ukuta palikuwa na mawe ya mlima yaliyopoa zamani, meusi, yenye mashimo na nyasi ndefu, mpaka majini. Mtu wa hapa nikimtajia mawe ya aina hiyo anajua nitakachotaja baadaye, lakini subirini.

Papa Amisi alikuwa amekwisha kustaafu. Tulimwalika kwenye kipindi cha asubuhi, cha moja kwa moja, aje aeleze jinsi televisheni ilivyofanywa zamani. Alikuja na koti lake la sherehe. Mimi mwenyewe nilimfunga mikro kravate, ile ndogo ya kubana kifuani, na kisanduku chake cha kurusha mawimbi nikakitia kiunoni. Akanisahihisha mara mbili nikimfunga. Nilimweka kwenye njia ya nne.

Dakika chache kabla ya kuanza, umeme ukakatika. Jenereta nayo haikuwa na mafuta, dereva akatumwa kuyatafuta. Tukakaa gizani, meza yangu imekufa, kila mtu anamlaumu mwenziwe. Papa Amisi akainuka.

"Minaenda vuta hewa. Humu munanuka viatu vya Bahati."

Gloire akamwambia, "Papa, acha mikro kwanza, isianguke."

"Weye mutoto, nilianza kubeba mikro mbele uzaliwe," akajibu, akatoka akicheka. Ilikuwa asubuhi ya ubaridi, bila upepo hata kidogo, ukungu umelala juu ya ziwa. Nilimwona mlangoni akipandisha kola ya koti, akapita.

Mafuta yalipokuja na jenereta ikanguruma, meza ikaamka taa kwa taa. Nikafanya ninachofanya kila asubuhi. Kuna kitufe cha kusikiliza njia moja peke yako bila kuipeleka hewani. Nikapita moja moja. Ya Gloire, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, hakuna mtu, sawa. Ya nne, nikakuta pumzi.

Kiti cha njia ya nne kilikuwa mbele yangu nyuma ya kioo, kitupu.

Nilitabasamu. Mgeni aliyetoka na mikro ni mzaha wa kawaida. Tumesikia wakubwa wakinung'unika chooni, tumesikia maombi, tumesikia matusi. Nikangoja nisikie mzee anakohoa au anasalimiana na sentineri, mlinzi wa mlangoni. Hakuna. Nikapandisha sauti. Ilikuwa pumzi fupi, ya haraka, ya juu juu, ya mtu aliyepanda kilima. Lakini anayetembea nguo zake zinasugua mikro, na hapa nguo hazikusugua. Aliyehema hivi alikuwa hajisogezi kabisa.

Nikafumba macho nikaiacha ile pumzi, nikasikiliza kilichoizunguka. Nyuma yake kwa mbali niliisikia jenereta yetu wenyewe, kwa hiyo alikuwa karibu, nje, nyuma ya ukuta. Na zaidi ya hapo, hakuna. Nikavua upande mmoja wa kaske. Dirishani kwangu ndege wa ziwani walikuwa wanapiga kelele zao zote, na vijidudu vya nyasi. Nikarudisha kaske. Hakuna ndege. Hakuna kijidudu. Hakuna hata nzi. Nilikuwa sijawahi kusikia ukimya kama ule, na niliujua mara moja.

Mazuku. Kwa msomaji asiye wa hapa: ni hewa mbaya inayotoka ardhini kwetu. Haina rangi, haina harufu ya kukuonya. Ni nzito, inajikusanya kwenye mashimo, hasa asubuhi isiyo na upepo, na kila kinachoshuka mule hakitoki. Mbuzi, mbwa, panya, nzi. Mtu anahema haraka haraka, halafu analala. Na anayeshuka kumvuta analala juu yake.

"Gloire! Papa Amisi eko mu mazuku, nyuma ya ukuta! Mukimbie!"

Walitupa kila kitu. Bahati alibeba rundo la waya mrefu wa mikro kwa kuwa kamba hatukuwa nayo. Mimi nilibaki, maana bila anayesikiliza wangemtafuta wapi? Mashimo ni mengi na nyasi zimeyafunika. Nikampigia Bahati simu, nikaishika kwa bega, kaske sikio jingine.

"Mupige makofi," nikamwambia. "Mutembee, mupige makofi."

Nikayasikia kwenye simu. Kwenye njia ya nne, kimya, pumzi tu. Kisha kofi moja, jembamba, la mbali.

"Endelea. Tena. Hapana, sasa inapunguka, rudia nyuma. Kwenda ku mukono ya ziwa."

"Mama, huku ni nyasi tu!"

"Piga!"

Kofi likaja limenona. Lingine likaja kali zaidi. Sijui kama mtanielewa: nilikuwa nawasikia rafiki zangu wakija kwa masikio ya mtu aliyelala shimoni. Pumzi ilikuwa inazidi kuwa nyembamba. Mara moja ilikatika kabisa, nami nikaacha kupumua pia mpaka iliporudi.

Sauti ya Gloire ikalipuka kaskeni, "Iyi kofia! Iyi kofia yake! Ile eko pale chini!"

"Musishuke! Musiiname! Bahati, ujifunge waya, uzuie pumzi, bakushike!"

Nikasikia waya ukiburuzwa kwenye mawe, watu wakihesabu, sentineri akiita jina la Mungu. Nikasikia kitu kizito kikivutwa. Halafu kelele za watu wote pamoja, kwamba wamemtoa: "Tumemutosha! Tumemutosha!" Nikalia pale pale juu ya meza, machozi yakaangukia vitelezo. Nilifurahi kama mtoto. Sauti zao zikaanza kwenda mbali, wakimbeba kuelekea lango, kwenye gari.

"Bahati," nikasema kwenye simu, "mumufungulie kifua, apate hewa."

Nikamsikia anatembea.

"Bahati?"

"Mama Faida... hapana pumua."

"Anapumua. Niko namusikia."

"Mama. Mukono yangu iko ku kifua yake. Hakuna kitu."

Na sikio langu la kushoto, njia ya nne, pumzi ilikuwa inaendelea. Ndogo, fupi, karibu sana, ya mtu aliyelala na kinywa wazi.

Nitawaambia ukweli, nilitaka kuvua kaske niikimbie ile studio. Mtu wangu alikuwa amekufa mikononi mwa Bahati, na mimi namsikia akihema. Mkono ulinifika kwenye kitelezo kukishusha. Kilichouzuia siyo ushujaa. Ni mazoea tu ya kazi: fuata waya, utakuta kitu.

"Bahati, mikro iko kwake?"

Nikamsikia akipapasa nguo. "Haiko. Kisanduku pia haiko. Itakuwa ilianguka mule."

"Mikro haipumuake. Rudia kule shimoni. Kuko mutu ingine mule ndani."

"Mama, nimeshuka mimi mwenyewe, hakuna mutu!"

"Niko nasikia mutu, Bahati."

"Weye uko nasikia Papa Amisi," akasema. "Umuache aende."

Sikumkasirikia. Angeweza kukata simu, kama yule mvuvi. Nikamwambia kwamba kama ni mzimu nitauomba radhi, lakini kama ni mtoto wa mtu, mama yake atatuuliza sisi. Akavuta pumzi ndefu, akasema, "Sawa." Nikayasikia makofi yakirudi upande wangu, peke yake safari hii, na sentineri nyuma yake na waya.

Alikuwa juu zaidi ya pale mzee alipolala, kwenye ukingo wa jiwe, nyasi zimemfunika yote. Msichana. Nilisikia Bahati akipiga ukelele, nikasikia mikono kwenye nguo, kelele za mawe, na kisha kikohozi kilichonipasua masikio. Sijawahi kusikia sauti mbaya hivyo kwenye mashine nikaipenda hivyo.

Jina lake ni Neema. Familia yake ilikimbia kutoka milima ya Masisi, yeye akafikia kwa shangazi yake hapa hapa Mabanga, na asubuhi ile alishuka Himbi kukata majani ya kulisha simbilisi, wale wanyama wadogo wa kufugwa. Kule kwao ardhi haiui mtu kwa hewa, hakuna aliyemwonya. Siku tulipomaliza kilio cha Papa Amisi, alikuja na shangazi yake, akakaa chini karibu na mjane, kichwa kimeinama. Hakuzoea kuongea mbele za watu. Mjane ndiye aliyemshika mkono akamwomba aseme alichoona.

Akasema alishikwa na kizunguzungu, akaanguka. Kisha akaona mzee anamsukuma kwa bega, anampandisha kwenye jiwe. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kulegea, miguu haimbebi. Alijaribu kupanda akateleza. Halafu akaanza kuhangaika na kola ya blauzi yake.

"Niliogopa," Neema akasema. "Nilizani eko nataka kunivua."

Bahati aliniambia jinsi alivyomkuta, na mimi nikamwambia Neema. Mikro ilikuwa imebanwa kwenye blauzi yake, katikati, kichwa chake kimeelekezwa kinywani. Waya umekunjwa kitanzi kidogo chini ya kola, usisugue nguo. Kisanduku kimechomekwa kwenye kitenge chake kiunoni, antena imetazama juu. Mgeni wa rais hafungwi vizuri zaidi. Pumzi ya mwisho aliyokuwa nayo mzee ya kufanyia kazi, aliitumia kwa kazi hiyo.

Mjane akauliza, "Alisema nini?"

Neema akafikiri. "Aliinama hapa," akajigusa kola, "akasema, moja, mbili. Moja, mbili. Nilizani eko nanihesabia ju nisilale. Kisha akanyamaza."

Nikawaeleza kwamba hivyo ndivyo sisi tunavyohakikisha kama mikro inafika, na kama aliye upande wa pili yuko tayari. Mjane akaniangalia, na nikajua anachotaka kuniuliza. Nikamjibu kabla hajauliza, kwamba sikumsikia, saa ile umeme ulikuwa haujarudi mezani kwangu.